Jumla: Neno la Kiswahili Katika Historia ya Tovuti za Biashara

Katika mtaa wa Kikuubo mjini Kampala, ambako wachuuzi hununua bidhaa kwa bei ya jumla, bei ya sukari ikipanda mwenye duka hufuta ile ya jana na kuandika ya leo. Hamwiti seremala aliyemtengenezea ubao. Lakini kwa miaka mingi mfanyabiashara mwenye tovuti hakuwa na uhuru huo. Kila alipotaka kubadilisha bei au namba ya simu, ilimbidi amtafute fundi aliyeijenga. Insha hii inaeleza jinsi uhuru huo ulivyopatikana, na jinsi mojawapo ya hatua zake, ya mwaka 2005, ilivyopewa jina la Kiswahili. Hoja yangu ni kwamba swali halikuwa la ufundi peke yake. Lilikuwa pia swali la nani anashika ufunguo.

Mwanzoni ufunguo ulikuwa wa kila mtu. Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva, alitoa pendekezo lake la kwanza mwaka 1989. Mwishoni mwa 1990 alikuwa amekamilisha programu aliyoiita WorldWideWeb. Programu hiyo ilikuwa kivinjari cha kusomea kurasa na pia chombo cha kuziandika, kwa sababu alitaka msomaji aweze kuwa mwandishi. Hata hivyo, ilifanya kazi kwenye kompyuta za NeXT tu, ambazo zilikuwa ghali na chache. Vivinjari vilivyoenea baadaye, hasa Mosaic iliyotoka Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1993, vilitengenezwa kwa ajili ya kusoma. Mamilioni ya watu waliingia mtandaoni kwa mlango wa msomaji, na mlango wa mwandishi ukabaki kwa mafundi.

Ndipo ikaanza enzi ya fundi. Kila ukurasa ulikuwa faili lililoandikwa kwa lugha ya HTML. Ndani ya faili hilo, maneno ya mwenye biashara yalichanganyika na alama zinazoelekeza rangi, picha na mpangilio. Aliyetaka kurekebisha neno moja alihatarisha kuvuruga ukurasa mzima. Kama namba ya simu ilikuwa kwenye kurasa thelathini, faili thelathini zilipaswa kufunguliwa, kurekebishwa na kupakiwa upya kwenye seva. Haishangazi kwamba wenye biashara wengi waliacha tovuti zao zikae na bei za zamani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tovuti yenye bei ya mwaka juzi ni daftari linalodanganya, na linadanganya mbele ya wateja.

Majaribio ya kwanza ya kumsaidia mwenye tovuti yalikuja katikati ya miaka ya 1990. GeoCities, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1994, ilimpa mtu yeyote nafasi ya bure ya kuweka kurasa zake. Programu kama FrontPage, ambayo Microsoft iliinunua mwaka 1996, zilimwezesha mtu kuandika ukurasa karibu kama anavyoandika barua kwenye kompyuta. Kazi ilirahisika, lakini umiliki haukuwa imara. Yahoo iliinunua GeoCities mwaka 1999, na mwaka 2009 ikaifunga, isipokuwa huduma yake ya Japani. Waliokuwa hawajahamisha kurasa zao walizipoteza, ingawa watu wa kujitolea waliokoa sehemu ya kurasa hizo. Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mtu aliweza kuhariri ukurasa wake vizuri kabisa na bado asiwe na ufunguo wa nyumba.

Suluhisho la kudumu zaidi lilitokana na wazo rahisi: kutenganisha maneno na sura. Maneno yanawekwa katika hifadhidata, na sura inawekwa katika kiolezo. Mgeni anapofungua tovuti, programu iliyo kwenye seva inachukua maneno, inayavika sura, kisha inamwonyesha ukurasa. Mwenye biashara anaingia kwa neno lake la siri, anaandika bei mpya kwenye kisanduku, anahifadhi, basi. Kiolezo hakiguswi. Programu za namna hii zilikuwapo tangu miaka ya 1990, lakini nyingi ziliuzwa kwa bei ambayo duka dogo lisingeimudu. Mabadiliko makubwa yalikuja zilipotolewa kama programu huria, yaani kila mtu aruhusiwe kuzitumia, kuzichunguza, kuzirekebisha na kuzigawa. Drupal ya Mbelgiji Dries Buytaert ilitolewa mwaka 2001. WordPress ya Matt Mullenweg na Mike Little ilitoka Mei 2003. Mwanzoni ilikuwa ya kuandikia blogu, lakini toleo lake la 1.5, la Februari 2005, liliongeza kurasa za kudumu, ambazo biashara inazihitaji ili kueleza huduma zake na mahali ilipo.

Huko Melbourne, Australia, kampuni ya Miro ilikuwa na programu yake iitwayo Mambo, ambayo mwaka 2001 iliitoa kwa leseni huria. Watu wa nchi mbalimbali walijitolea kuiendeleza. Mwaka 2005 Miro ilianzisha taasisi ya kuisimamia Mambo. Waandishi wakuu wa programu waliona kwamba muundo wa taasisi hiyo haukuwapa wanajumuiya sauti waliyostahili. Tarehe 17 Agosti 2005 walitangaza kujitenga. Jina la Mambo lilibaki kwa wenyewe, lakini leseni iliwaruhusu kuondoka na kazi yao. Hapa linaonekana swali lilelile la mwenye duka na fundi, ila kwa kiwango kikubwa zaidi: nani ana haki ya kuamua juu ya kitu ambacho wengi wamekijenga?

Walihitaji jina jipya, nao wakachagua Joomla, yaani neno letu jumla lililoandikwa kwa tahajia itakayomsaidia Mwingereza kulitamka. Toleo la kwanza lilitoka Septemba 2005. Walilieleza jina hilo kuwa na maana ya wote kwa pamoja. Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kusita kidogo, kwa kuwa jumla ni hesabu iliyokusanywa, na sokoni ni kinyume cha rejareja. Hata hivyo, maana haikwenda mbali: vitu vingi vimewekwa pamoja vikawa kimoja. Kwa sadfa, mwaka huohuo Uganda ilirekebisha Katiba na kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili.

Joomla iligawa funguo kwa viwango. Mtu mmoja aliweza kupewa ruhusa ya kuandika tu, mwingine ya kuhariri, mwingine ya kuchapisha, na msimamizi mkuu akashika yote. Duka liliweza kumwachia karani kazi ya bei bila kumruhusu kugusa muundo. Lakini uhuru huo ulikuwa na gharama yake. Toleo la 1.5 lilipotoka Januari 2008, tovuti za toleo la kwanza hazikuweza kuhamia kwa kubofya tu, na ambaye hakujua afanyeje alirudi kwa fundi. Tovuti zilizoachwa na matoleo ya zamani ziligeuka mawindo rahisi ya wadukuzi. Kwa hiyo si kweli kwamba programu hizi zilimwondoa fundi. Zilibadilisha kazi yake: badala ya kuwa mwandishi wa kila neno, akawa mtunzaji wa nyumba.

Kwa kuhitimisha, historia hii inatufundisha kwamba urahisi wa kuhariri na umiliki ni vitu viwili. GeoCities ilitoa cha kwanza bila cha pili. Waliojitenga na Mambo walionyesha kuwa leseni inaweza kulinda cha pili hata watu wanapogombana. Mfanyabiashara wa leo anayejengewa tovuti asiishie kuuliza kama ataweza kubadilisha bei mwenyewe. Aulize pia jina la tovuti limesajiliwa kwa nani, neno la siri la msimamizi mkuu analo nani, na nakala ya hifadhidata iko wapi. Jibu la maswali yote matatu likiwa ni fundi, basi hata akiandika bei kila asubuhi, bado anaandika kwenye ubao wa mtu mwingine.