Tuhuma dhidi ya jaji mteule zithibitishwe kwa kiwango gani?

Mwaka 2019, Tume ya Huduma za Mahakama, JSC, ilipendekeza majaji 41. Rais Uhuru Kenyatta alikaa na orodha hiyo hadi Juni 2021, akateua 34 na kuwaacha sita. Mmoja alikuwa ameshafariki. Sababu iliyotolewa ni taarifa za kijasusi kuhusu maadili yao. Miongoni mwa walioachwa ni George Odunga na Joel Ngugi, ambao wiki tatu kabla walikuwa katika jopo lililoharamisha BBI. Sita hao waliapishwa Septemba 2022, chini ya Rais William Ruto.

Swali lililobaki ni hili: tuhuma ithibitishwe vipi ndipo imzuie mtu kuwa jaji?

Sheria yetu ina vipimo kadhaa. Katika jinai, kosa huthibitishwa pasi na shaka ya maana, kwani mshtakiwa aweza kufungwa. Katika madai, upande wenye uzito zaidi ndio ushindao. Katika kesi ya urais ya 2013, Mahakama ya Juu ilitumia kipimo cha kati ya hivyo viwili.

Anayeomba ujaji si mshtakiwa. Kifungu cha 166 cha Katiba chataka awe na maadili mema, uadilifu na asiyependelea, na ni juu yake kuonyesha hayo. Kwa hivyo kusema "sijawahi kuhukumiwa" hakutoshi. Kumsubiri hadi afungwe ni kuilegeza Katiba.

Lakini anayemtuhumu mteule kwa jambo mahsusi, mathalan hongo, naye ana mzigo wake. Kwa maoni yangu kipimo cha kati ndicho kinachofaa: ushahidi uzidi uzito wa kawaida wa madai, mteule auone na apewe nafasi ya kuujibu mbele ya JSC. Ripoti ya siri isiyojibika haifikii kipimo chochote. Mahakama Kuu ilishasema Februari 2020 kwamba Rais hana mamlaka ya kuikataa orodha ya JSC.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hilo latosha barazani, si katika uteuzi wa majaji. Wawili kati ya wale sita walipendekezwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Sisi wa Pwani, wenye kesi za mashamba zisizokwisha, twajua hasara ya kiti kukaa kitupu miaka mitatu. Na jaji ajuaye kwamba fununu yaweza kumnyima cheo, ataamuaje dhidi ya serikali?