Mianzi badala ya mbao: hela ipo, lakini haiko kwenye miche

Kwa mtu wa Iringa au Njombe, mwanzi ni kinywaji kwanza, ujenzi baadaye. Mvua zikianza, wagema wanaingia vichakani, wanakata ncha za machipukizi machanga na kukinga utomvu unaodondoka. Huo ndio ulanzi. Ukiwa mpya unaitwa mtogwa, mtamu kama juisi. Ukilala unageuka mkangafu, na huo si wa kupewa mtoto.

Siku hizi mwanzi huohuo unatajwa kila kona kama mbadala wa mbao. Kuna ukweli ndani yake, na kuna kelele nyingi za wauza miche. Kama una shamba na umeambiwa upande mianzi utajirike, soma kwanza.

Ni nyasi, si mti

Mwanzi ni ndugu wa muwa na mahindi, na hilo ndilo linaloeleza biashara yake yote. Mpaini unanenepa mwaka hadi mwaka, na siku ukiukata umerudi sifuri, unapanda upya. Chipukizi la mwanzi linatoka ardhini likiwa na unene wake wote. Halinenepi tena. Ndani ya miezi michache linafikia urefu wake wote, halafu miaka mitatu hadi mitano linakomaa tu, ukuta wake ukizidi kuwa mgumu.

Ukikata uliokomaa, mizizi inabaki hai na mvua zijazo inatoa mingine. Udongo haubaki uchi. Ndiyo maana mianzi hupandwa pia kwenye kingo za mito na miteremko inayobomoka.

Kwa hiyo shamba la mianzi halifyekwi. Unaingia kila mwaka, unachagua iliyokomaa, unaacha michanga ilishe mizizi. Tatizo ni kwamba wa mwaka mmoja na wa miaka minne wanalingana kwa unene, na hapo ndipo wengi hukosea. Wakulima makini huweka alama ya rangi kwenye kila mwanzi mpya, rangi moja kwa kila mwaka. Kama hukuweka, angalia ngozi: mchanga bado una maganda na unga mweupe, uliokomaa umefifia na una madoamadoa, na ukiugonga unalia kama kitu kigumu.

Ulanzi au nguzo?

Huu ndio mtihani wa Nyanda za Juu Kusini, na haujadiliwi vya kutosha. Chipukizi lililogemwa halitakuwa nguzo. Ncha imekatwa, limekwisha. Kichaka kinachogemwa machipukizi yake yote kila masika hakipati mianzi mipya ya kukomaa, na baada ya miaka kadhaa kinabaki na mizee tu.

Sasa mwambie mama anayeuza ulanzi aache, asubiri nguzo miaka mitatu. Ulanzi unaleta hela kila siku msimu mzima, na hela hiyo ndiyo inayonunua chumvi na madaftari. Kumlaumu ni kutojua maisha. Kinachowezekana ni kugawa: vichaka vingine vya kugema, vingine vya nguzo, au kwenye kila kichaka kuacha machipukizi manene kadhaa bila kuyagusa. Mwanzi wa ulanzi, ambao kitaalamu ni Oxytenanthera abyssinica, una kuta nene kuliko mianzi mingi, kwa hiyo nguzo zake zina thamani. Ni aina hiyohiyo inayoota kwa wingi Ethiopia, nchi yenye mianzi mingi kuliko zote Afrika.

Wadudu ndio wanaoua biashara

Mwanzi una sukari na wanga, na wadudu wanajua hilo kuliko sisi. Umekata leo, umetengeneza kiti kizuri, miezi sita baadaye unga mwembamba unadondoka sakafuni. Ndani wamo watobozi. Mteja huyo harudi, na atawasimulia wenzake kwamba "vitu vya mianzi havidumu".

Vinadumu, ila kuna kazi mbili. Ya kwanza ni kukata wakati sahihi: kiangazi, machipukizi ya mwaka yakiwa yameshakua, kwa sababu wanga kwenye mianzi iliyokomaa umepungua. Kwa Iringa hiyo ni kuanzia kama Juni hadi Septemba. Ukikata wakati wa mvua unawaandalia wadudu chakula.

Ya pili ni dawa. Inayotumika sana ni mchanganyiko wa boraksi na asidi ya boriki kwenye maji, asilimia 5 hadi 10. Unatoboa vifundo ili maji yapite, unalowesha mianzi ikiwa bado mibichi kwa wiki moja au mbili, kisha unaianika kivulini. Wazee walikuwa na njia zao: kuizamisha mtoni wiki kadhaa ili sukari itoke, au kuiweka juu ya jiko ipate moshi. Zinasaidia, ingawa huwezi kumpa mwenye hoteli dhamana kwa moshi wa jikoni.

Angalizo: boraksi huoshwa na mvua. Nguzo iliyochomekwa ardhini bila dawa hudumu mwaka mmoja hadi mitatu tu. Kwa nyumba, mwanzi unakaa juu ya msingi wa mawe au zege, na paa linatokeza nje vya kutosha kuukinga na mvua. Mafundi wa Colombia, ambako nyumba za mianzi ni jambo la kawaida, husema nyumba hiyo inahitaji buti nzuri na kofia nzuri. Na usipige msumari bila kutoboa kwanza, utapasuka. Hili linawakwaza mafundi seremala wetu kwa sababu mbao imewazoesha nyundo. Vipimo vya kujengea kwa mianzi vipo kimataifa, ISO 22156, vilivyopitiwa upya 2021. Kwa hiyo mhandisi akikuambia "hii haina viwango", si kweli.

Nani ananunua?

Hapa ndipo mkulima anapaswa kuanzia, na ndipo wengi huishia. Ukipanda mianzi mikubwa kwa nafasi ya mita 5 kwa 5, ekari moja inachukua mashina kama 160. Muuza miche anazidisha 160 kwa idadi ya nguzo kwa bei ya nguzo, anakuonyesha kikokotoo cha simu, unatoa hela. Kile kikokotoo hakina mnunuzi ndani yake.

Masoko yaliyopo leo ni ya kawaida kabisa: matenga ya nyanya na kuku, ngazi, fito, uzio, samani, na mirunda ya kushikilia zege kwenye ujenzi. Kwa maoni yangu mirunda ndiyo nafasi inayosahaulika. Kila ghorofa linalojengwa linameza mirunda ya mikaratusi kwa mamia, na hapo hakuna anayedai urembo. Anataka nguzo ngumu, nyoofu na ya bei nzuri. Mkaa wa mianzi nao unatengenezwa, na unafaa kwa vipande visivyofaa kitu kingine.

Mbao halisi za mianzi, zile za sakafu na meza, ni habari nyingine. Mwanzi unachanwa vipande vyembamba, unakaushwa, unapakwa gundi na kubanwa kwa mashine kwenye joto. Bila kiwanda karibu, mkulima hana njia. China imefika huko, na hata vijiti vingi vya meno madukani kwetu vinatoka huko.

Sheria inavyoingia

Kenya ilipiga marufuku kukata mianzi kwenye misitu ya umma mwaka 1986, ili kulinda vyanzo vya maji kama Aberdare na Mau ambako mianzi ya milimani huota yenyewe. Lengo lilikuwa jema, lakini waliotegemea mianzi kwa kazi ya mikono wakabanwa. Baadaye upepo uligeuka: 2018 ukataji miti ulisimamishwa, mbao zikapanda bei, na 2020 mwanzi ukaorodheshwa kuwa zao la biashara. Yaani kutoka mali ya msitu hadi zao la shambani, kwenye nchi hiyohiyo.

India ilikwenda mbali zaidi. Kwa miongo mingi sheria yake iliuhesabu mwanzi kuwa mti, hivyo mkulima alihitaji vibali kukata na kusafirisha nyasi alizopanda mwenyewe. Mwaka 2017 sheria ikarekebishwa: mwanzi ulio nje ya msitu si mti tena. Kwa Tanzania, pita ofisi ya misitu ya wilaya uulize vibali kabla hujapakia lori, si baada ya kufika kizuizini.

Na henzirani je?

Watu wa pwani wanavijua viti vya henzirani. Henzirani si mwanzi. Ni mmea unaotambaa wa jamii moja na mchikichi, umejaa ndani badala ya kuwa na uwazi, na unahitaji miti mirefu ya kupandia. Kwa hiyo anayeishi kwa henzirani ana sababu ya kutaka msitu ubaki umesimama. Afrika zinaota zaidi kwenye misitu ya Kongo na Afrika Magharibi, duniani Indonesia ndiyo mkubwa wao. Tangu 2012 Indonesia imezuia kuuza nje henzirani ghafi, ili samani zitengenezwe kwao.

Kabla ya kununua mche

Uliza aina, kwa jina lake kamili. Mianzi ya njano yenye mistari ya kijani ni mizuri kwa bustani, lakini ni kipenzi cha watobozi kwa sababu ya wanga. Aina za milimani hazitapenda joto la Morogoro mjini.

Uliza pia mche umetoka wapi. Aina nyingi za mianzi hutoa maua mara moja baada ya miaka mingi sana, kichaka chote kwa pamoja, kisha hufa. Mche uliokatwa kwenye shina lililozeeka unabeba umri wa mama yake, na unaweza kutoa maua na kufa muda uleule unaokufa huko ulikotoka. Muuzaji asiyejua mama wa miche yake, mwache akauze kwingine.