SAFF YA IJUMAA MJINI SHKODËR, 1990



Ndugu zangu katika imani, leo tuitazame Albania, nchi ya Ulaya ambayo wengi wa watu wake wana asili ya Uislamu. Mwaka 1967 utawala wa kikomunisti wa Enver Hoxha ulifunga nyumba za ibada zote, misikiti na makanisa, zaidi ya 2,000. Nyingine zilibomolewa, nyingine zikageuzwa maghala. Katiba ya 1976 ikatamka kwamba dola haitambui dini yoyote.

Zingatieni hili. Mwezi wa Ramadhani, mashuleni na viwandani, watu walipewa chakula mchana ili ajulikane nani amefunga. Basi mzazi akamficha hata mwanawe saumu yake, akichelea mtoto asije akasema. Miaka 23 ya namna hiyo huwafanya watu wa mtaa mmoja kuwa wageni wao kwa wao.

Hoxha alikufa 1985. Kufikia Julai 1990 maelfu ya watu walikuwa wamejazana katika balozi za kigeni mjini Tirana, wakitaka kutoka nchini. Tarehe 4 Novemba, Wakatoliki wa mji wa Shkodër walisali hadharani makaburini, na Waislamu wakahudhuria. Ijumaa ya tarehe 16 ikawa zamu ya msikiti wa kale wa mji huo, ule wa karne ya 18 ulioezekwa kwa madini ya risasi. Aliyeswalisha ni Hafidh Sabri Koçi, mzee ambaye utawala huo ulimweka gerezani takriban miaka 20. Wakristo nao walikuja kusimama na jirani zao.

Sasa itafakarini saff ile. Chama kilikuwa bado kinatawala peke yake. Vyama vingine viliruhusiwa Desemba. Hakuna aliyekuwa na dhamana ya kurudi nyumbani salama. Kijana wa miaka 20 hajapata kuona msikiti ukiwa wazi. Na aliyesimama kando yako, bega kwa bega, humjui. Jana pengine ungemdhania mpelelezi. Lakini saff haijazi mapengo mpaka umkubali huyo huyo.

Sisi adhana twaisikia mara tano kwa siku bila khofu. Kisha mgeni akiingia msikitini, twaanza kuulizana ni wa kundi gani. Msogezeeni nafasi, jamani. Swali hilo wenzetu wa Albania waliulizwa na askari.

Wabillahi tawfiq.