Mwalimu Arudipo Kuwa Mwanafunzi: Habari za Mafunzo ya Walimu wa Kazi za Ufundi

Wasikilizaji wetu, katika mazungumzo haya twapenda kuwaeleza habari ya jambo ambalo aghalabu halitajwi watu wanapozungumza juu ya shule. Jambo lenyewe ni hili: mwalimu anayefundisha kazi za ufundi yeye mwenyewe alifundishwa na nani, na akiisha kuanza kazi ni nani anayemwongezea ujuzi? Kujenga karakana ni kazi ya mwaka mmoja. Kununua misumeno, randa, patasi na jiriwa ni kazi ya siku moja, fedha zikiwapo. Lakini kumpata mtu awezaye kusimama mbele ya watoto 40, kila mmoja ameshika chombo chenye makali, na kuwaongoza hata wakatoka wote na ujuzi na vidole vyao vyote, hiyo ni kazi ya miaka mingi. Ndiyo sababu mahali pengi vyombo vizuri vimefungiwa ghalani vikaliwa na kutu, na huku watoto wakivitamani.

Wazee wetu walikuwa na njia yao. Husema, mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Maana yake, mtoto alikaa kiwandani kwa baba yake, akavuta mivukuto, akatazama, akatumwa hiki na kile, hata siku moja akapewa nyundo mkononi. Huko Ulaya nako mambo yalikuwa vivyo hivyo kwa muda wa karne nyingi. Kijana alikwenda kukaa kwa fundi miaka kadha wa kadha. Njia hii ni njema sana kwa kumfanya fundi mmoja. Walakini fundi aliyejifunza kwa kutazama aghalabu hawezi kueleza kwa maneno yale ambayo mikono yake yayajua, wala hana nafasi ya kuvukutisha watoto 40 kwa mara moja. Basi katika karne ya kumi na tisa, shule zilipoanza kuwa za watoto wote, njia ya zamani haikutosha tena. Tena viwanda vya mashine vilikuwa vikiviua vile vya nyumbani, na baba wengi hawakuwa na kazi ya mikono ya kuwarithisha watoto wao.

Mtu wa kwanza tunayetaka kumtaja ni Uno Cygnaeus wa Ufini, aliyezaliwa mwaka wa 1810. Alikuwa mchungaji, na toka 1840 hata 1845 alitumikia Sitka katika Alaska, nchi ambayo siku zile ilikuwa chini ya Urusi. Baadaye alikaa St Petersburg akishughulika na shule. Mwaka wa 1858 alitumwa kuzuru nchi nyingine za Ulaya, ili atazame jinsi walimu wanavyofundishwa. Mwaka wa 1863 chuo cha walimu kilifunguliwa Jyväskylä, chuo cha kwanza kilichowafundisha walimu kwa lugha ya Kifini, naye akawekwa kuwa mkuu wake. Katika sheria ya shule ya mwaka wa 1866 kazi za mikono ziliwekwa kuwa somo la lazima katika vyuo vya walimu, na kwa wavulana wa shule za mashamba. Tazameni utaratibu wake: hakuanza na mtoto, alianza na mwalimu. Na shauri lake kubwa lilikuwa kwamba mwalimu yule yule anayefundisha kusoma na hesabu ndiye afundishe na kazi ya mikono, kwa sababu kazi hiyo ni sehemu ya kumlea mtoto, wala haikuwekwa kwa ajili ya kumfanya seremala.

Wa pili ni Otto Salomon wa Uswidi, aliyezaliwa mwaka wa 1849. Mjomba wake, August Abrahamson, alikuwa mfanyabiashara tajiri wa mji wa Gothenburg, na mwaka wa 1868 alinunua shamba kubwa liitwalo Nääs, lililo kando ya ziwa, si mbali na mji huo. Mwaka wa 1872 walifungua huko shule ya kazi kwa wavulana, na baada ya miaka miwili wakafungua na ya wasichana. Kisha wakaanzisha chuo cha walimu wa sloidi. Neno hili sloidi ni la Kiswidi, nalo lina maana ya ustadi wa mikono, hasa zile kazi ambazo watu wa mashamba walizifanya nyumbani wakati wa baridi: vijiko, mipini, vyombo vya maziwa na mengineyo.

Hapo mwanzo Salomon alidhani kwamba dawa ni kuwafundisha watu maalum kwa muda mrefu, wawe walimu wa ufundi tu. Mwaka wa 1877 alisafiri kwenda Ufini akaonana na Cygnaeus, na baada ya safari ile mawazo yake yaligeuka. Aliporudi alianza kuwaita Nääs walimu wa kawaida walio kazini, kwa mafunzo ya majuma matano au sita, na kwa muda wa miaka michache mafunzo haya mafupi yakachukua mahali pa yale marefu.

Mambo yalikwendaje huko? Mwalimu alipofika alipewa mahali pake penye meza ya kazi, akavaa vazi la kazi, akashika kisu. Alianza na kisu kwa sababu ndicho chombo ambacho mtoto wa shamba amekizoea. Mbele yake vilipangwa vielelezo vya vitu vya mti, toka kilicho rahisi hata kilicho kigumu, na kila kitu kilileta zoezi moja au mawili mapya juu ya yale yaliyotangulia. Kitu chenyewe sharti kiwe cha kufaa nyumbani, kisiwe pambo la bure. Na sharti mwenye kukitengeneza akimalize mwenyewe, pasipo mtu mwingine kumshikia mkono. Pamoja na kazi ya mezani palikuwa na masomo juu ya malezi, na mabishano baina ya walimu, na michezo ya viungo. Walimu wanaume na wanawake walifanya kazi pamoja. Kabla Salomon hajafa mwaka wa 1907, maelfu ya walimu walikuwa wamepita pale, na zaidi ya 1,000 kati yao walitoka nchi za nje. Abrahamson alipofariki mwaka wa 1898 shamba lake lilikuwa limewekwa kwa wasia kuwa mali ya dola ya Uswidi, ili kazi ile iendelee.

Msidhani ya kwamba watu wote walikubali. Mafundi walinung'unika, na neno lao lilikuwa na nguvu. Walisema: mtu wa vitabu akikaa na randa majuma sita, aweza kuwafundisha watoto nini ila kuharibu mbao? Jibu la Salomon lilikuwa kwamba fundi hukitazama kitu, lakini mwalimu humtazama mtoto. Fundi akiona kijiko kimekwenda mrama atakichukua akinyoshe mwenyewe, maana kijiko ndicho shabaha yake. Mwalimu atakiacha mikononi mwa mtoto na kumwuliza kisu kilipotea wapi. Sisi twaona kwamba kila upande ulishika nusu ya kweli. Mwalimu asiyejua kunoa patasi ni hatari kwa watoto, na fundi asiyejua watoto huwachosha. Kwa hiyo mwalimu wa ufundi ahitaji ujuzi wa namna mbili, na aliyepata mmoja chuoni sharti atafute wa pili akiwa kazini.

Wakati huo huo njia nyingine ilikuwa imeonekana Urusi. Katika mwaka wa 1868 Victor Della-Vos, mkuu wa shule ya ufundi ya Moscow, aliichambua kazi ya seremala, ya mkerezaji na ya mhunzi, akaigawanya katika mazoezi madogo: kuunga, kupiga tupa, kukereza, kila moja mahali pake kwa utaratibu wa kupanda. Mazoezi yake yalipelekwa kwenye maonyesho makubwa ya Philadelphia mwaka wa 1876. Hapo John Runkle, mkuu wa chuo cha ufundi cha Massachusetts, aliyaona akayachukua, na Calvin Woodward akafungua shule yake ya ufundi huko St Louis mwaka wa 1880. Watu wa Nääs walilaumu njia hii, kwamba mtoto aunga mbao mbili ambazo si mlango wala sanduku, kisha azitupa. Hata hivyo pande zote mbili zilivumbua jambo moja: ufundi waweza kupangwa hatua kwa hatua kama hesabu, na kitu kilichopangwa hivyo mwalimu aweza kujifunza, kukikumbuka na kukifundisha.

Sasa twaja karibu na kwetu. Mwaka wa 1907 mama mmoja wa Philadelphia, Anna Jeanes, alitoa dola 1,000,000 kwa ajili ya shule za watu weusi katika mashamba ya kusini ya Marekani. Mwaka wa 1908 mwalimu mweusi wa Virginia, jina lake Virginia Randolph, aliwekwa kuwa mwalimu wa kwanza wa mpango huo. Kazi yake ilikuwa kuzizunguka shule za wilaya ya Henrico, akiwasaidia walimu wenzake kufundisha kazi za mikono, usafi na bustani pamoja na masomo yao. Huko Nääs mwalimu alimwendea mkufunzi. Huku mkufunzi alimwendea mwalimu pale pale penye darasa lake, akaona uhaba wake wa vyombo, akamwonyesha la kufanya na vilivyopo.

Mwaka wa 1924 tume ya Phelps-Stokes, ambayo James Aggrey wa Gold Coast alikuwa mmoja wake, ilizuru Afrika ya Mashariki, na mwaka wa 1925 shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete, karibu na Nairobi. Walimu waliokwisha kufundisha walikaa huko pamoja na wake zao, kisha wakarudi kuzizungukia shule za vijiji. Njia ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa na mwiba ndani yake. Chini ya serikali ya kikoloni wazazi wengi walishuku kwamba jembe na randa vilitolewa ili watoto wao wanyimwe kitabu, nao walikuwa na sababu ya kushuku, maana watoto wa Wazungu hawakupimiwa kibaba kile kile. Hili nalo ni fundisho la historia. Somo la mikono likitolewa kuwa badala ya somo la akili, watu watalidharau, na mwalimu wake atadharauliwa pamoja nalo.

Kenya ilipoanzisha mpango wa 8-4-4 mwaka wa 1985, kazi za mikono, kilimo na sayansi kimu zilirudi kwa watoto wote. Wazazi walichanga fedha, karakana zikajengwa. Lakini walimu wengi walitakiwa kufundisha yale ambayo wao hawakufundishwa, na vyombo havikutosha. Hata mwaka wa 2002 masomo mengi ya namna hiyo yakapunguzwa. Mwaka wa 2023 madarasa ya sekondari ya chini yalianza huko, na somo la maandalizi ya ufundi limo ndani yake. Swali la Cygnaeus limerudi mlangoni: mwalimu yuko wapi, na nani amemwandaa?

Tukiyakusanya haya, twaona mambo matatu. Kwanza, mwalimu na aandaliwe kabla ya karakana kujengwa. Pili, mafunzo ya walio kazini yawe ya mikono yenyewe. Mwalimu akitengeneze kila kitu atakachomwambia mtoto akitengeneze, maana hapo ndipo atakapojua mahali ambapo msumeno hukwama. Tatu, pawe na mtu wa kumfuata mwalimu darasani kwake baada ya mafunzo, kwa kuwa majuma sita husahaulika upesi mahali pasipo mwenzi.

Na kwa ninyi walimu wenzetu mnaosikiliza, ambao mna mvi na cheti cha zamani, twasema: ujuzi hauzeeki, lakini vyombo hubadilika. Mwalimu aliyejifunza msumeno wa mkono leo aombwa kufundisha umeme na mashine za kuhesabu. Walimu waliokwenda Nääs walikuwa watu wazima wenye madarasa yao, wakakubali kusahihishwa mbele ya wenzao juu ya kijiko cha mti. Kama katika wilaya yenu yuko fundi mwenye mkono mzuri, mwendeeni wakati wa likizo, mkamwombe mahali penye meza yake. Nanyi mpeni kwa upande wenu lile mnalolijua, jinsi ya kumfundisha mtoto. Kwaherini.