Jangwa kama Shule: Kambi za Vijana wa Kiyahudi katika Marekani

Kitabu cha nne cha Musa sisi twakiita Hesabu. Wayahudi hukiita Bamidbar, maana yake «Jangwani», kwa kufuata neno mojawapo la aya yake ya kwanza. Kwao jangwa si njia ya kupita tu. Ndipo watumwa waliotoka Misri walipofundishwa kuwa taifa. Tukikumbuka hilo, twaelewa vizuri zaidi historia ya kambi ambazo Wayahudi wa Marekani huwapelekea vijana wao kila kiangazi.

Mwanzo wake ulikuwa shida ya mwili. Kati ya 1881 na 1924, Wayahudi zaidi ya milioni mbili waliingia Marekani kutoka Ulaya ya Mashariki, wakikimbia umaskini na mateso. Wengi walisongamana New York, katika mtaa wa Lower East Side, ndani ya vyumba vyenye uhaba wa hewa na mwanga, ambamo kifua kikuu kilienea. Mwaka 1902 wavulana wachache wa mtaa huo walipelekwa Cold Spring, kaskazini ya mji, wakalala hemani. Hiyo ndiyo asili ya Surprise Lake Camp. Zilitafutwa afya na hewa safi, pamoja na kuwazoesha watoto nchi yao mpya. Tena, kambi nyingi za Wamarekani wengine ziliwafungia Wayahudi mlango.

Baadaye swali liligeuka. Kizazi kilichofuata kilikuwa na afya na Kiingereza fasaha, lakini kilikuwa kikisahau sala na lugha ya wazee. Mzazi aliyehofia kumzika mtoto sasa alihofia kumwona akiwa mgeni katika nyumba ya babu zake. Mwaka 1941 Shlomo Shulsinger alianzisha kambi ya Massad, ambako Kiebrania kilisemwa mchana kutwa, hata uwanjani wakati wa mchezo. Mwaka 1947 kambi ya kwanza ya Ramah ilifunguliwa Conover, jimboni Wisconsin. Ilikuwa miaka miwili tu tangu kwisha kwa vita ambamo Wayahudi milioni sita waliuawa Ulaya. Vyuo na masinagogi yaliyolea marabi na walimu kwa karne nyingi yalikuwa yameangamizwa. Urithi huo ukawalemea Wayahudi wa Marekani.

Mwaka 2010 Ramah ilifungua kambi nyingine katika milima ya Rockies, jimboni Colorado. Huko vijana hubeba mizigo mgongoni na kutembea siku kadhaa nyikani. Na hapo sheria ya kale huonyesha nguvu yake. Siku ya Sabato moto hauwashwi. Kwa hiyo anayeishika safarini sharti awe amefika, amefunga hema na amepika kabla jua halijatua Ijumaa. Sala fulani za hadhara hudai watu kumi waliotimiza umri wa kushika amri, nao kwa mvulana ni miaka 13. Mjini, kijana akikosa kuja, mzee mwingine hujaza nafasi yake. Mlimani, asipotoka hemani, huenda sala hizo zisisemwe. Hivyo hutambua kwamba anahitajiwa, jambo ambalo maelezo ya darasani ni vigumu kumpatia.

Njia hiyo ni ya zamani sana. Kitabu cha Walawi, sura ya 23, chaagiza Waisraeli wakae vibandani siku saba, ili vizazi vyao vijue jinsi babu zao walivyokaa walipotoka Misri. Hawakuagizwa kusimulia tu. Waliagizwa kuhama nyumba na kulala nje.

Hata hivyo, majuma machache ya kiangazi hayawezi kubeba mwaka mzima. Kijana hushuka mlimani akiwa na wimbo na sala mdomoni, akarudi mezani kwa wazazi wake. Akikuta Ijumaa ya nyumbani haina tofauti na Alhamisi, alichokipokea kitadumu kwa muda gani? Waanzilishi wa kambi waliwatendea watoto yaliyo ndani ya uwezo wao. Swali hilo linawabakia wazazi, nasi tunaolea watoto katika imani yoyote latuhusu vilevile.