Ankoro: Luvua Inapoingia Lualaba

Simama hapa utazame maji. Mto Luvua umetoka Ziwa Mweru, pale Pweto, ukashuka kwa kishindo Piana-Mwanga, ambako maporomoko yake yalitumika kufua umeme kwa ajili ya migodi ya Manono. Kuanzia Kiambi unatulia, na kwa kilomita 160 hivi hadi Ankoro vyombo vidogo hupita. Hapa unaingia mto Lualaba, na safari inaendelea: Kabalo, Kongolo, Kindu, Kisangani, hadi Bahari ya Atlantiki.

Msafiri David Livingstone alifika Mweru mwaka 1867. Aliamini kwamba maji haya yanakwenda mto Nile, na alikufa mwaka 1873 bila kupata uhakika. Msafiri mwingine, Stanley, aliufuata Lualaba kutoka Nyangwe hadi baharini mwaka 1876 na 1877, ubishi ukaisha. Waluba, wenye nchi hii, walikuwa wakivua humu vizazi vingi kabla ya wageni hao.

Mwembe nao ni mgeni hapa. Asili yake ni Asia. Wafanyabiashara wa pwani walisaidia kuusambaza bara, kokwa kwa kokwa. Maembe huiva mvua zinapoanza. Linuse embe penye kikonyo: likinukia tamu, liko tayari. Lililochumwa sasa hivi hutoa utomvu unaochoma midomo, basi lioshe kwanza. Kula polepole, huku ukitafuta kwa macho mahali mito miwili inapogeuka mmoja.