Orodha ya Michango na Ukimya wa Wanakikundi: Namna ya Kuzichunguza Jamii za WhatsApp

Mwezi Agosti 2022 kampuni ya Meta ilitangaza badiliko dogo katika WhatsApp: mtu akijitoa kwenye grupu, taarifa itawafikia maadmini peke yao. Kabla ya hapo kila aliyelefti alitangazwa, na jina lake likabaki katikati ya mazungumzo, wakaliona wote. Kwa ukoo unaoendesha harusi, misiba na matibabu kupitia simu, badiliko hilo halikuwa dogo hata kidogo. Kujitoa kwenye grupu la msiba wa shangazi kulikuwa tamko la hadharani. Sasa ni jambo wanalotaarifiwa maadmini tu, nao ndio wanaoamua kama watalisema au watalinyamazia. Uzito wa tendo la kifamilia umebadilishwa na watu ambao hawajawahi kukaa kwenye mkeka wa msiba huo.

Nashikilia kwamba utafiti wa mahusiano ya mtandaoni katika Afrika Mashariki hauna budi kuanzia kwenye kanuni za namna hii: nani anaona nini, anaona kwa muda gani, na nani anajua kwamba fulani ameona. Maneno ya wahusika yafuate baadaye. Tafiti nyingi huanza na maneno kwa sababu ndiyo yanayokusanyika kwa urahisi, na kwa miaka mingi yalikusanywa zaidi Twitter (sasa X), ambako mazungumzo yalikuwa wazi na kompyuta iliyahesabu. Urahisi huo umekwisha. Twitter ilisitisha upatikanaji huru wa data zake mwaka 2023, na Meta ikafunga CrowdTangle, chombo chake cha kufuatilia machapisho ya mitandaoni, Agosti 2024. WhatsApp haikuwahi kuwa na mlango huo. Tangu Aprili 2016 ujumbe wake husimbwa kutoka simu ya mtumaji hadi ya mpokeaji. Wapo wanaolia kwamba utafiti umefungiwa nje. Mimi naona tumelazimishwa kurudi mahali ambapo watu wetu walikuwa siku zote.

Tuchukue grupu la kamati ya harusi, la kawaida Dar es Salaam au Mwanza. Mweka hazina anabandika orodha: jina, ahadi, kilichotolewa, salio. Anayetuma pesa kwa M-Pesa au Mixx by Yas (zamani Tigo Pesa) hunakili ujumbe wa uthibitisho, akaubandika, na orodha inatolewa upya ikiwa na tarakimu mpya mbele ya jina lake. Pongezi zinamiminika. Kisha saa kadhaa za kimya, na orodha inarudi tena.

Michango haikuletwa na simu. Kadi za michango, daftari la rambirambi, upatu na vikundi vya kufa na kuzikana vina umri mkubwa kuliko intaneti, na ndugu zetu wa Kenya waliifanya harambee kuwa wito wa taifa. Anayedai kwamba WhatsApp imeumba wajibu huu hajui historia yake. Kilichobadilika ni mwonekano wa deni. Daftari lilifunguliwa kwenye kikao, likafungwa, likalala nyumbani kwa mweka hazina. Aliyekuwa hajatoa alionekana jioni moja, mbele ya waliohudhuria. Orodha ya kwenye grupu haifungwi. Aliyeko Mbeya anaiona, aliyeko Muscat anaiona, na kila inapobandikwa upya, nafasi iliyo wazi mbele ya jina la mtu inasomwa upya.

Hapo ndipo tiki za bluu, alama ya kwamba ujumbe umesomwa, zilizoanza Novemba 2014, zinapohitaji uchambuzi makini. Katika mazungumzo ya watu wawili mtumiaji anaweza kuzizima. Kwenye grupu hawezi: mtumaji akiushikilia ujumbe wake ataona ni akina nani wameusoma. Kwa hiyo kimya cha aliyesoma asitoe hakiwezi tena kueleweka kama kutopata habari. Zamani mtu angeweza kusema hakufikishiwa kadi, na heshima ya pande zote mbili ikabaki salama. Chombo kimeondoa udhuru huo, na udhuru wa aina hiyo ulikuwa sehemu ya adabu iliyowawezesha ndugu wasio na kitu kubaki ndugu.

Mtafiti anayehesabu jumbe ataona pongezi na tarakimu tu. Hataona simu iliyopigwa usiku kwa mweka hazina: dada, naomba univumilie mpaka mwisho wa mwezi. Mirca Madianou na Daniel Miller, katika kitabu chao cha mwaka 2012 kuhusu akina mama wahamiaji walio Uingereza na watoto waliowaacha Ufilipino, walionyesha kwamba pale watu wanapokuwa na njia nyingi za kuwasiliana, uchaguzi wa njia wenyewe hubeba maana ya kimaadili. Nadharia yao, polimidia, inatufaa sana, ila inachukulia kwamba gharama imekoma kuwa kikwazo kikuu. Kwetu bando huisha. Tiki moja ya kijivu, yaani ujumbe haujafika, inaweza kuwa mtu aliyezima simu, au mtu aliyechagua unga badala ya megabaiti, na ndugu zake hubishana ni ipi kati ya hizo. Ubishi huo ni data ya thamani kuliko jumbe elfu za hongera.

Kwa sababu hiyo napendekeza tuufuate mchango wenyewe kokote unakopita: kwenye grupu, kwenye simu ya pembeni, kwenye kikao, kwenye meseji ya kawaida. Funzo hili lilikwishaonekana Kenya: Chifu Francis Kariuki wa Lanet Umoja, Nakuru, alijulikana mapema katika miaka ya 2010 kwa kutangaza wizi wa mifugo na mikutano ya kijiji kupitia Twitter. Wengi waliomsoma hawakuwa na simu janja. Walipokea kwa SMS. Anayehesabu akaunti za Twitter za Lanet angekosa sehemu kubwa ya jamii ile.

Njia hii inamtaka mtafiti awe ndani, na kuwa ndani kuna masharti. Ruhusa ya admini haitoshi, kwa kuwa grupu la msiba hubeba habari za ugonjwa na madeni ya watu ambao hawakumkaribisha mgeni. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini sheria hizo hazisemi mtafiti afanye nini orodha inapobandikwa na jina lake limo. Wapo watakaosema akichangia anaharibu data. Asipochangia anaiharibu zaidi, kwa kuwa amekaa mahali ambapo kukaa bila kutoa ni kauli, na wenzake wataanza kuzungumza kwa kumzingatia yeye. Achangie kiasi cha mtu wa daraja lake, na katika sura ya mbinu aandike alitoa kiasi gani, lini, na jina lake lilikaa siku ngapi kwenye orodha kabla hajatoa.